Mwenye Picha Ndiye Mwenye Fulana

Katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki, msomaji hutazamia kukuta habari za mizani, maghala, pembejeo na mikutano mikuu ya mwaka. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine, nazo zimeandikwa na wale wazijuao vyema. Kurasa hizi chache zahusu vazi moja dogo litokanalo na zao letu la pamba, yaani fulana, na hasa fulana yenye picha au maneno kifuani. Wako watoto wa wanachama wetu, wa kiume na wa kike, ambao walipomaliza shule hawakurudi shambani, wakatafuta riziki yao mijini na katika minada kwa kuchapa na kuuza fulana za namna hiyo. Wazazi wengine huiona kazi hiyo kuwa mchezo wa vijana. Lakini historia yaonyesha ya kwamba biashara hii imewatajirisha watu wengi na kuwaacha wengine mikono mitupu. Kilichowatenga hao na hao ni jambo ambalo kila mwanaushirika aweza kulifahamu kwa wepesi, nalo ni hili: nani mwenye mali?

PAMBA ILIYOMO KATIKA FULANA MOJA

Tuanze na hesabu. Fulana ya mtu mzima huwa na uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi. Pamba mbegu ikichambuliwa, kiasi cha theluthi moja ya uzito wake ndicho hutoka kuwa pamba nyuzi. Inayobaki huwa mbegu na takataka. Nyuzi nazo hupungua kiwandani zinaposokotwa, na kitambaa hupungua kinapokatwa. Basi fulana moja hula pamba mbegu ya nusu kilo hadi robo tatu ya kilo, wala haizidi sana hapo.

Mwanachama na achukue stakabadhi yake ya msimu uliopita, atazame alilipwa nini kwa kilo moja, kisha aende dukani kuuliza bei ya fulana yenye picha ya mwanamuziki au mchezaji mashuhuri. Ataona tofauti kubwa. Sehemu ya tofauti hiyo ni haki ya msokotaji, mfumaji, mshonaji, msafirishaji na mwenye duka, nao wamefanya kazi yao. Lakini tuchukue fulana mbili zilizotoka kiwanda kimoja, za pamba moja na mshono mmoja, moja tupu na nyingine yenye picha ipendwayo na watu. Hizo mbili haziuzwi bei moja. Ziada iliyo juu ya ile ya pili hailipi pamba wala uzi wala sindano. Yalipa picha, nayo huenda kwa mwenye picha.

VAZI LA NDANI LATOKA NJE

Hapo mwanzo fulana ilikuwa nguo ya kuvaliwa chini ya shati. Mwaka 1913 jeshi la majini la Marekani lilianza kuwapa mabaharia wake fulana nyeupe za pamba zenye mikono mifupi, kwa kuwa zilikuwa nyepesi, zilifyonza jasho na kukauka upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari walizizoea mno, hata wakazivaa peke yake kazini penye joto. Tarehe 13 Julai 1942 gazeti la Life lilichapa katika jalada lake picha ya askari aliyevaa fulana yenye nembo ya shule ya mizinga ya jeshi la anga. Hivyo Wamarekani wengi wakaona fulana yenye maandishi kifuani, nayo imevaliwa bila ya haya.

Vita vilipokwisha, wanasiasa hawakukawia kuuona ubao huu mpya wa matangazo. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1948, wafuasi wa Thomas Dewey walichapisha fulana za watoto zenye maneno ya kumpigia debe. Dewey alishindwa na Harry Truman, lakini moja ya fulana zile imehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya taifa ya nchi hiyo. Mwaka 1951 Marlon Brando alionekana katika filamu ya A Streetcar Named Desire akiwa amevaa fulana tupu iliyombana mwili, na mwaka 1955 James Dean akafanya vivyo hivyo katika filamu nyingine. Vijana waliowapenda wachezaji hao wakatoka nje na fulana zao. Tangu hapo fulana ikawa nguo ya kujionyesha, na kifua cha mtu kikawa mahali pa kutangaza akipendacho.

WAVU, WINO NA MPIRA

Yafaa msomaji aelewe jinsi picha inavyoingia katika kitambaa, maana hapo ndipo fundi mdogo alipopata nafasi yake. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi juu ya namna ya kuchapa kwa kutumia wavu wa hariri. Wavu huo huwambwa juu ya fremu ya mbao, na matundu yake huzibwa kila mahali isipokuwa pale picha inapotakiwa kupita. Kisha wino humwagwa juu yake na kusukumwa kwa ubao wenye mpira, ukapenya katika matundu yaliyo wazi na kuingia katika nguo iliyo chini. Kila rangi yahitaji wavu wake: picha ya rangi tatu hutaka nyavu tatu, nazo zilingane sawasawa, kwani zikipishana kidogo tu kazi huharibika. Mwishowe nguo hupitishwa penye moto ili wino ushike.

Kazi hii haihitaji kiwanda. Chumba kimoja, meza, fremu chache na mikono isiyotetemeka vyatosha kuanzia. Lakini ina tabia ambayo kila mwenye kuianza hana budi kuijua. Gharama kubwa iko katika kutengeneza nyavu, kabla ya fulana ya kwanza kutoka. Baada ya hapo kila fulana huongeza gharama ndogo tu. Kwa hiyo mtu akichapa fulana kumi za picha moja huenda apate hasara, na akichapa mia apate faida, ikiwa zote mia zitanunuliwa. Akikosea kukisia mapenzi ya wanunuzi, hubaki na fulana zisizonunulika, wala hawezi kuifuta picha ili azirudishe kuwa tupu. Miaka hii zimekuja mashine zichapazo fulana mojamoja bila ya wavu, zikapunguza hatari hiyo. Lakini gharama ya kila fulana moja huwa kubwa zaidi, na mashine yenyewe si ya mfuko mdogo.

SUNGURA NA PANYA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Mwaka 1927 karakana ya Walt Disney, huko California, ilianza kuchora katuni za sungura aliyeitwa Oswald. Sungura yule akapendwa. Mwaka 1928 Disney alikwenda New York kuomba nyongeza ya malipo, akaambiwa apokee pungufu ya yale aliyokuwa akilipwa. Ndipo ilipombainikia ya kwamba sungura aliyemchora hakuwa wake, kwa kuwa haki yake ilikuwa mkononi mwa kampuni ya Universal. Na wachoraji wake wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na yule aliyekuwa akimpa kazi. Akarudi nyumbani bila ya sungura.

Mwaka huohuo yeye na mchoraji Ub Iwerks walimtunga panya Mickey Mouse, na safari hii Disney akashikilia haki zote. Mwaka 1932 alimpa Kay Kamen kazi ya kusimamia ruhusa za kutumia sura ya panya yule juu ya bidhaa. Mwaka 1933 zikatoka saa za mkono zenye Mickey, nazo ziliuzwa kwa wingi wakati Marekani ilipokuwa katika dhiki kuu ya uchumi. Mbali na saa zilikuwapo pia vikombe, vitabu, nguo za watoto, na hatimaye fulana zisizo na idadi. Wenye viwanda walitengeneza bidhaa, wenye maduka waliziuza, na kila mmoja akamlipa mwenye panya ushuru wake. Sungura Oswald alirudi kwa kampuni ya Disney mwaka 2006, baada ya miaka 78. Katuni za kwanza za Mickey za mwaka 1928 zilitoka katika hakimiliki ya Marekani tarehe 1 Januari 2024, lakini alama ya biashara ya kampuni ingali hai. Kwa hiyo fundi anayedhani panya yule sasa ni wa kila mtu na afikiri mara mbili kabla ya kuchapa.

WALIOCHORA NA WALIOVUNA

Wengine hawakuwa na bahati ya kujifunza mapema kama Disney. Mwaka 1970 kijana mmoja mwanafunzi wa sanaa mjini London, John Pasche, aliombwa na bendi ya Rolling Stones awatengenezee nembo. Akachora midomo mekundu yenye ulimi uliotolewa nje, akalipwa pauni 50, na baadaye akaongezewa pauni 200. Nembo hiyo imekwisha kukaa juu ya vifua vya watu katika kila bara. Mwaka 2008 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalinunua mchoro wa asili kwa dola 92,500. Karatasi moja ilipata fedha nyingi kuliko malipo ya kazi ya mwanzo mara mia kadhaa, ilhali aliyeichora alikuwa ni yuleyule.

Huko Cuba, tarehe 5 Machi 1960, mpiga picha Alberto Korda alimpiga picha Ernesto Che Guevara katika mkutano wa maombolezo mjini Havana. Mwaka 1968 msanii wa Ireland, Jim Fitzpatrick, aliigeuza picha ile kuwa mchoro wa rangi chache, akauachia watu waunakili wapendavyo. Rangi chache ndizo hasa zinazofaa kwa wavu na wino, na kwa hiyo sura ile ikaenea duniani juu ya fulana. Korda hakupata ushuru wowote kwa fulana hizo, wala hakulalamika, maana alipenda mawazo ya Che yaenee. Lakini mwaka 2000, picha ile ilipotumiwa katika tangazo la pombe ya Smirnoff, alikwenda mahakamani London kuitetea. Shauri likamalizwa kwa mapatano, akapokea dola 50,000, naye akazitoa zote kwa ajili ya matibabu ya watu wa Cuba.

Wako pia waliotoa kazi yao wakijua wanatoa. Mwaka 1977 Milton Glaser alilichorea jimbo la New York nembo yenye herufi tatu na moyo mwekundu, ya kuwaita wageni wakati mji ulipokuwa taabani kwa madeni na uhalifu. Hakudai malipo. Jimbo likaisajili nembo ile, na hata leo hutoza ushuru kwa ruhusa ya kuitumia. Zawadi ya namna hiyo yastahili sifa, kwa sababu mtoaji alijua anampa nani na kwa kazi gani. Msiba ni kutoa bila ya kujua kwamba umetoa.

MANENO YETU KIFUANI MWA WENGINE

Msomaji asidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Watu wa pwani yetu walivaa maneno kabla ya fulana ile ya Dewey kuchapwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kanga zimekuwa na jina, yaani maneno ya fumbo au mithali, na mwanamke huchagua kanga kwa jina lake kama achaguavyo kwa rangi. Wafanyabiashara wa kanga waliujua pia umuhimu wa kuonyesha mwenyewe. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, mwenye duka wa Mombasa, zilitambulikana kwa alama yake iliyochapwa pindoni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mnunuzi alisoma fumbo, kisha akatazama alama, akajua ametoka nayo kwa nani.

Lakini maneno yasiyo na mwenyewe aliyeandikishwa yaweza kuandikishwa na mwingine. Maneno "hakuna matata" yalienezwa kwa wageni na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya katika wimbo wao wa Jambo Bwana wa mwaka 1982. Mwaka 1994, ilipotoka filamu ya The Lion King, kampuni ya Disney iliomba kuyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama ya biashara kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 Mwafrika mmoja kutoka Zimbabwe alianzisha malalamiko ya hadhara, na zaidi ya watu 100,000 wakatia sahihi zao. Ni lazima tuwe waadilifu: alama hiyo haimzuii mtu yeyote kusema hakuna matata, wala kuyaandika katika kitabu. Humzuia mwingine kuyafanya kuwa chapa ya kuuzia fulana nchini Marekani. Lakini hebu fikiri, mwenye kuzungumza lugha hii tangu utotoni, akitaka kuuza huko fulana yenye maneno ya bibi yake, hana budi kuuliza kwanza kwa wengine.

Mara nyingine upinzani wa wakati hufaa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" huko kwao. Watu wa Kenya na rafiki zao wakapinga, na ombi lile halikufaulu. Tofauti ya kesi hizi mbili ni tarehe: moja ilipingwa ombi lilipokuwa bado mezani, nyingine ililalamikiwa miaka 15 baada ya usajili.

Mfano wa kufaa zaidi kwetu ni wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya vibao, huko Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Michoro ya mtindo huo leo huonekana juu ya fulana, vikombe na mikoba, mingine ikichapwa na watu wasiojulikana na chama hicho. Hata hivyo wachoraji wana jina moja, mahali pamoja pa kuuzia, na sauti moja ya kusemea. Mchoraji aliye peke yake barabarani hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

KURA KABLA YA KUCHAPA

Mwaka 2000 vijana wawili wa Chicago, Jake Nickell na Jacob DeHart, walianzisha biashara ya fulana iitwayo Threadless kwa dola 1,000 walizochanga. Njia yao ingependeza katika mkutano mkuu wa chama chochote cha msingi. Mchoraji yeyote aliruhusiwa kuleta mchoro. Watu wakaipigia kura. Na michoro iliyoshinda ndiyo iliyochapwa, naye mchoraji akapewa zawadi, ambayo baadaye ikawa fedha. Kwa hiyo mwenye kuchapa alijua kabla ya kumwaga wino kwamba wanunuzi wapo, akaepuka lile rundo la fulana zisizonunulika tulilolitaja. Wanunuzi nao walipenda kununua walichokichagua wenyewe. Jambo hili halihitaji mtaji mkubwa. Lahitaji kusikiliza kabla ya kutenda, na ushirika ulizaliwa kwa ajili hiyo.

LINALOTUHUSU SISI

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipoanza kuungana katika miaka ya 1950, dai lao la kwanza lilikuwa mizani, kwa kuwa aliyeshika mizani ndiye aliyeamua mkulima ana kilo ngapi. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho katika miaka iliyofuata kilimiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba na kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wazee wale walipanda ngazi kwa kufuata mali ilipo: toka pamba mbegu hadi mizani, toka mizani hadi kiwanda. Ngazi hiyo haikuishia hapo. Juu ya kiwanda kuna nguo, na juu ya nguo kuna picha.

Hatusemi kila chama kiache kupima pamba kianze kuchapa fulana. Twasema kwamba vijana wetu walio katika kazi hiyo wanastahili ushauri na mkopo kama mkulima mwingine yeyote, na ya kwamba ushauri wa kwanza uwe huu: wachore vyao. Anayechapa sura ya mchezaji, nembo ya klabu au katuni ya kampuni bila ya ruhusa hulima shamba la mtu. Mavuno yaweza kuwa mazuri, lakini mwenye shamba akija hana la kujitetea, na benki haiwezi kumkopesha kwa mali isiyo yake. Nchini Tanzania hakimiliki ya mchoro huzaliwa pamoja na mchoro wenyewe, hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake, nayo yaweza kuandikishwa katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Alama ya biashara ya Tanzania Bara husajiliwa BRELA kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Gharama zake ni ndogo kuliko hasara ya kusajiliwa na mwingine.

Nasi viongozi tunalo letu. Vyama vingi vina nembo iliyo juu ya bendera, barua na magunia, na wakati wa sherehe huchapwa juu ya fulana. Mara nyingi nembo hiyo ilichorwa na kijana wa kijijini, mwalimu au karani, aliyepewa ahsante na soda. Ikiwa hakuna maandishi yoyote kati yake na chama, basi hakuna ajuaye kwa hakika nembo ni ya nani. Chama kimepungukiwa na mali, na mchoraji amepungukiwa na haki. Yafaa kila chama kiandikiane naye mkataba mfupi, kimlipe malipo wanayopatana, jina lake liwekwe katika kumbukumbu za chama, na nembo isajiliwe kwa jina la chama chenyewe. Ushirika unaolalamika kwamba wakubwa hula jasho la mkulima haupendezi ukila wino wa mtoto wa mwanachama wake.

Waswahili walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka kumi madaftari yetu yameandika kilo, gunia na shilingi, na kwa hayo twawapongeza makarani na wanachama wote. Katika miaka kumi ijayo uongezwe ukurasa mmoja, wenye kichwa cha michoro, nembo na majina, na mstari wa kwanza wa ukurasa huo uwe jina la yule aliyechora nembo yetu.